Mwendo wa Jogoo

Kwa kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na binti yenu. Natumaini mmeamka salama na kazi inakwenda. Sisi huku tunasukuma siku. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua kidogo asubuhi, lakini mdomo wake hauna tatizo lolote. Baba yupo, anakula, analala, ila hasemi na mimi. Mimi ni mzima wa kutosha kukaa mezani na kukuandikia, na nina hasira ambayo hujawahi kuiona kwangu tangu unijue. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Usidhani ni dalili kwamba nimepoa.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua zama hizi za simu. Simu yangu hupokei. Siku ukipokea, unakata nikifika penye maneno yenyewe. Badala yake unaweka sauti yako kwenye kundi la familia, mjomba asikie, shangazi asikie, hadi wale wa ukoo ambao hatujaonana nao tangu msiba wa bibi wasikie, kwamba mdogo wako amemnyang'anya mzee funguo za gari, amemfungia ndani kama mfungwa na anataka kurithi gereji mwenye mali angali hai. Barua huwezi kuikata katikati, na huwezi kuijibu mbele ya watu. Usicheke mwandiko. Najua unapanda na kushuka, na kalamu imenitoka mkononi zaidi ya mara moja. Sababu nitakueleza, lakini si sasa.

Ndiyo, nimechukua funguo. Nimechukua za pikapu yake na za magari ya wateja zinazotundikwa kwenye ile misumari ukutani. Nimemkabidhi Mama, naye amezificha mahali ambapo hata mimi sipajui. Zilizobaki ni zile za akiba ulizoondoka nazo mara ya mwisho. Umetangaza kwamba unakuja likizo ya shule kumrudishia mzee heshima yake, kwamba utampeleka kwa daktari anayejua kazi, na kwamba binti yako atazungushwa mjini na babu yake kama kila mwaka. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Ukimpa Baba funguo hizo ataua mtu, na mtu mwenyewe anaweza kuwa mtoto wako.

Turudi kwenye siku ya gari la mwalimu mkuu. Ulikuwepo, ulikuwa umekuja kututembelea, kwa hiyo sikusimulii upya. Nakukumbusha tu, kwa kuwa naona umeanza kuiamini hadithi yako mwenyewe. Fundi Breki alikuwa amemaliza kazi, akanawa mikono, akamwambia Baba gari liko tayari kujaribiwa. Baba akaingia, akalitoa nje, akaenda nalo hadi pale barabara inapopinda, akageuza, akarudi. Penye lango la gereji alitakiwa asimame. Badala ya kusimama gari liliruka. Lilipita lango, likapanda baraza la fundi cherehani jirani yetu, likaikunja cherehani yake pamoja na kiti alichokuwa amekikalia. Yeye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda ndani kuchukua uzi. Uzi tu, kaka. Laiti uzi wa rangi aliyoitaka ungekuwa mezani, tungekuwa tunaongea mengine leo.

Wewe ulifika kwenye gari kabla ya mtu yeyote. Nilikuona ukiinama ndani kupitia mlango wa dereva, nikadhani unaangalia kama Baba ameumia. Kisha ukasimama wima, na mbele ya mwenye gari, wateja na majirani ukasema breki zimekataa. Ukamnyooshea kidole Fundi Breki. Mtu aliyelala chini ya magari pamoja na Baba tangu mimi na wewe tunagombania kiti cha mbele cha pikapu. Mtu aliyekufundisha kutoa hewa kwenye breki wakati ndevu zako zilikuwa bado zinahesabika. Alijibu kwa utulivu kwamba breki zile alizijaribu mwenyewe. Ukamwambia akusanye spana zake. Akakusanya. Baba alibaki nyuma ya usukani akiitazama miguu yake, hakufungua mdomo. Nami nilinyamaza, kwa kuwa wewe ndiye unayejua magari na mimi najua nywele.

Mwalimu mkuu alitaka ahakikishiwe kwamba mzee bado anafaa kuendesha. Ukampeleka Baba kwa daktari wako, mkarudi mmevimba vifua. Ukaandika kwenye kundi kwamba mzee amefungwa macho na kuguswa miguu kwa pamba, na kila mguso ameutaja, na kwamba miguu yake ni ya kijana. Ukoo mzima ukatuma makofi. Mimi pia nilituma. Baada ya hapo ukarudi kwako, ikawa ni funika kombe mwanaharamu apite.

Haikupita muda Mama akaja kwangu saluni na soksi ya Baba ndani ya mfuko wa plastiki. Aliuweka mezani mbele ya mteja niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa. Soksi ilikuwa imekauka kwa damu. Ndani ya kiatu Mama alikuta nati, ile ndogo yenye kona zake zote, na Baba alikuwa ameshinda nayo kutwa nzima, anatembea, anapiga magoti, anapanda na kushuka kwenye magari. Alipoulizwa alicheka, akasema alidhani kiatu kimeingia mafuta. Mama hakucheka. Alisema mume wake zamani akikanyaga punje ya mchele jikoni analalamika hadi jioni, sasa anatembea na chuma kwenye nyama na hana habari.

Kidonda hakikufunga. Kila nilipomwambia twende hospitali alinijibu kwamba ameshapelekwa kupimwa na mwanawe wa kiume na akafaulu. Mwishowe Mama alikataa kumpikia mpaka aende. Njaa ina ushawishi kuliko mimi, tukaenda.

Tulipelekwa kwa daktari wa neva, mama mmoja mpole wa sauti, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko. Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda kilichotandikwa karatasi, kigoda cha kupandia, na sinia lenye pamba, pini, nyundo ndogo ya mpira, na vile vyuma vyenye ncha mbili kama uma, ambavyo ukivigonga vinatetemeka na kuvuma. Alianza kwa kumuuliza Baba kuhusu injini za dizeli kabla hajamuuliza kuhusu miguu. Baba akampenda papo hapo. Kisha akamwomba afumbe macho na kusema kila anapoguswa na pamba.

Akamgusa kidole gumba cha mguu. Baba kimya. Akamgusa unyayo. Kimya. Akapanda hadi kwenye kifundo, bado kimya. Ndipo Baba akanigeuzia uso, macho ameyafumba kwa utiifu kama mtoto anayesali, akaninong'oneza. Unajua mnong'ono wa mtu aliyekaa na mainjini miaka yote, waliokuwa kwenye korido nao waliusikia. Aliniuliza mbona sikohoi.

Nikamuuliza nikohoe kwa nini. Akasema, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa, kwamba mwenzangu alikuwa akikohoa.

Kaka, nilisimama pale na pochi yangu mkononi nikakuona. Nilikuona kabisa, umesimama pembeni ya kitanda cha yule daktari wako, mkono mdomoni, unakohoa kikohozi cha adabu kila pamba inapotua, na yule mzee anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwanamume mzima mwenye mke na mtoto. Ulimwibia baba yako ugonjwa wake, maana ugonjwa nao ni mali ya mtu, ana haki ya kuujua. Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Daktari hakucheka. Aliiweka pamba kwenye sinia taratibu, akasema tujaribu kingine.

Akachukua ule uma wa chuma, akaugonga kwenye kiganja, akausimika juu ya mfupa wa kidole gumba, akamwomba Baba aseme mtetemo ukiisha. Hapo Baba alikuwa hodari. Uma ulipokuwa unavuma alisema bado, bado, na ulipotulia alisema umeisha, bila kukosea. Nikaanza kupata matumaini. Daktari akatazama dirishani kidogo, kisha akachukua uma wa pili. Wa kwanza aliusimika mguuni bila kuugonga, umelala kama maiti. Wa pili akaugonga na kuushikilia hewani, karibu na sikio la Baba. Akauliza kama kidole kinatetemeka. Baba akajibu kwa uhakika kwamba kinatetemeka vizuri sana.

Alikuwa anausikiliza, kaka. Baba yetu, anayeweza kukaa sebuleni akakwambia gari linalopita nje plagi yake ipi imechoka, alikuwa anaufanya mtihani wa miguu kwa masikio. Huko nako nauona mkono wako, maana yeye peke yake asingefika mbali hivyo. Alipofumbua macho akaona uma uko wapi, alijua amekamatwa. Aliangalia pembeni. Sijapata kumwona Baba akiangalia pembeni.

Daktari akamshika kidole cha mguu, akawa anakiinua na kukishusha huku Baba amefumba macho, aseme kiko juu au chini. Kila mara alisema juu. Nadhani aliona juu ni jibu la heri. Akamsimamisha sakafuni, miguu pamoja, macho wazi. Akasimama imara. Akamwomba afumbe macho, na Baba akaniangukia mzima mzima kama gunia. Daktari akaeleza kwamba miguu isiyopeleka habari huegemea macho. Ukiyafumba, mwili haujui uko wapi. Nikakumbuka kwamba Baba hakubali taa ya korido izimwe usiku, na kwamba wewe na mimi tulikua tukidhani anatuogopea wezi.

Ikaja mashine. Alimbandikia vibandiko vyenye waya kwenye mguu, kisha akawa anamgusisha kidude kinachopiga shoti ndogo nyuma ya kifundo, nyuma ya goti, na kusoma muda ambao shoti inachukua kusafiri. Kwenye kioo cha mashine, kila shoti ilitakiwa kuleta kilima. Ya Baba ilileta mkunjo mdogo, tena umechelewa. Mashine haina adabu za kusubiri mtu akohoe.

Daktari alimweleza kwa lugha ya gereji, na namshukuru kwa hilo. Alisema mwili una waya kama gari. Ukichomwa kidole, mguu wenyewe haujui kitu. Habari inapanda kwenye nyuzi za neva, inapita kifundoni, nyuma ya goti, pajani, inaingia kwenye uti wa mgongo na kupanda hadi kwenye ubongo, na ni huko inakoitwa maumivu. Zipo nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu na joto, na zipo nene zinazobeba mguso, mtetemo na habari ya kiungo kiko wapi. Zile nene zimevishwa ganda kama waya wa umeme, na ganda hilo ndilo linaloifanya habari iende mbio. La Baba ni bovu. Habari zinatambaa, nyingine zinafia njiani, na kadiri miaka inavyokwenda hata waya wenyewe unakufa. Waya mrefu kuliko zote ni ule unaokwenda mguuni, ndiyo maana miguu hutangulia na mikono hufuata. Baba akasema ni kama taa ya nyuma ya lori refu, hiyo ndiyo ya kwanza kuzimika. Daktari akakubali. Baba akauliza kama kuna kubadilisha waya. Hakuna, akaambiwa. Akauliza uliharibika lini, akaambiwa alizaliwa nao.

Akamwomba atembee korido nzima na kurudi. Baba akatembea ule mwendo wake, magoti juu, mguu unatua kwa vidole kwanza, kifua mbele, mwendo uliompa jina la Jogoo mtaa mzima. Daktari akamuuliza nani mwingine kwenye ukoo anatembea hivyo. Kaka, laiti ungemwona. Alijinyoosha, akawataja mmoja mmoja kama anayetaja wenye vyeo: baba yake, shangazi yake mkubwa, wewe. Akasema watu wa ukoo wetu hawaburuzi miguu. Akaeleza hadi nyayo zetu, kwamba tukitoka kuoga tunaacha sakafuni alama ya kisigino na ya vidole tu, katikati pakavu, kwa sababu ya lile daraja letu la unyayo ulioinuka katikati, wakati Mama anapiga muhuri mguu mzima. Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka Mama kwa muhuri wake.

Daktari alisubiri amalize. Kisha akasema, kwa upole uliozidi kuniumiza, kwamba lile daraja linatokana na misuli ya unyayo iliyokosa habari, na kwamba Baba ananyanyua magoti kwa sababu mbele ya mguu wake hapainuki penyewe. Asiponyanyua atajikwaa. Mwendo ule tulioringia ukoo mzima ni wa mtu anayejiokoa asianguke. Baba alivaa viatu vyake.

Daktari akaandika kwamba Baba asiendeshe gari. Tukarudi kwa gari la kukodi, Baba amekaa mbele, ameinamisha kichwa anasikiliza injini ya watu. Njiani akaanza kunibembeleza. Akaniambia niseme nyumbani kwamba ni kidonda tu. Akasema yeye amekuwa akiendesha kwa masikio miaka mingi, injini ndiyo inayomwambia mguu uko wapi na umekanyaga kiasi gani, na hajawahi kupata shida isipokuwa ile siku moja, kwa sababu lilikuwa linapita gari la matangazo lenye spika kubwa, hakuisikia injini, akadhani mguu uko kwenye breki.

Alisema hivyo hivyo tu, huku anaangalia barabara. Nikamuuliza kwa hiyo breki za mwalimu mkuu zilikuwa nzima. Akasema nzima kabisa. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Ndipo akaniambia kwamba wewe ulipoinama ndani ya gari, mguu wake ulikuwa bado uko kwenye pedali ya mafuta, na kwamba uliushika kwa mkono wako ukautoa pale, ukauweka sakafuni, kisha ukasimama wima na kuwatangazia watu.

Kwa mkono wako. Nimelala na hilo na nimeamka nalo. Uliugusa mguu usiojijua, ukajua, na bado ukamgeukia mtu aliyekufundisha kazi ukamvua nguo mbele ya watu. Halafu ukaenda kukohoa kwa daktari. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba ulimlinda mzee. Ulimlinda Jogoo, si baba yako. Baba yako alikuwa na nati kwenye kiatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumpata fundi cherehani aliyekaa barazani kwake anapinda suruali ya watu. Na Baba naye nina hasira naye, usidhani nakuonea wewe huruma kidogo na yeye nyingi. Alikaa nyuma ya usukani akamwacha rafiki yake akusanye spana.

Siku hiyo hiyo nilichukua funguo. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nikamwambia nitazirudisha siku atakayoweza kuniambia, amefumba macho na gereji ikiwa na kelele, mguu wake uko wapi. Tangu hapo hatuongei. Chumvi anamwomba Mama, na Mama ananiomba mimi, wakati bakuli liko mbele yangu.

Lakini kuna jambo alilolifanya ambalo sitakuficha. Asubuhi moja alivaa shati la kutokea, akachukua ile fimbo aliyopewa hospitali, ambayo alikuwa ameapa kuitumia kufukuzia mbwa tu, akaenda kwa miguu hadi kwa Fundi Breki. Kwa miguu, kwenye mawe yale. Mama alimfuata kwa nyuma kama askari kanzu. Anasema Baba alikataa kiti mpaka amalize kusema. Alimwambia mwenzake kwamba breki zilikuwa nzima na mguu ndio uliokuwa mbovu. Fundi Breki alimsikiliza, akamletea maji, wakakaa hadi jua likawa kali. Kurudi gereji alikataa. Alisema yeye hakufukuzwa na mzee, alifukuzwa na kijana, mbele ya watu, na atarudi siku kijana atakaposimama pale pale na kuyameza maneno yake mbele ya watu. Mimi naona ana haki. Kwa hiyo ukija likizo, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, na uifanye kabla hujaomba hata maji ya kunywa.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua.

Siku ile, Baba alipokuwa anafunga kamba za viatu, daktari aliniomba na mimi nivue vyangu. Nilicheka, nikamwambia mimi mzima, mgonjwa ni mzee. Akasema anaomba tu. Nikavua. Ulitamani kujua kwa nini mwandiko wangu umelewa. Kitana kimekuwa kikinitoka mkononi, kaka. Misuko yangu imekuwa ikilegea, wateja wa misuko myembamba wananiambia siku hizi nasuka kama nina haraka. Nilidhani ni uchovu. Nilifumba macho, nikaahidi moyoni kwamba sitamsikiliza mtu wala kitu, nitasema ninachokihisi tu. Pamba ilipita kwenye vidole vyangu vya miguu sikuijua. Akanipima kwa mashine, mguu na mkono, na pale palipotakiwa kilima niliona mkunjo wa Baba, mkubwa kidogo tu. Wa mkononi nao umeanza kushuka. Baadaye wakachukua damu, ikasema yale yale.

Sijamwambia mtu isipokuwa Mama, na sasa wewe. Wateja wa misuko myembamba nimewakabidhi kwa mwenzangu. Nililia, nikamaliza, nikanunua viatu vinavyoshika kifundo. Kila jioni Mama anaangalia nyayo zangu na za Baba, moja baada ya nyingine, kama anayekagua maembe sokoni. Daktari anasema dawa ya kuuponya hakuna, ila mtu anayejua mapema anaweza kuilinda miguu yake, kuifanyisha mazoezi na kuchagua kazi itakayomfaa. Mtu asiyejua anaokota nati.

Akaniambia na hili: kila mtoto wa mgonjwa ni kama sarafu iliyorushwa, inaweza kuangukia upande huu au ule. Mimi imeniangukia. Wewe nakujua. Nimekuona ukijikwaa kwenye ngazi na kuzilaumu ngazi. Najua kwa nini unavaa mabuti hata kwenye harusi. Na nadhani siku ile ulipoushika mguu wa Baba hukuogopa ajali, uliogopa kwa sababu uliufahamu. Hapo tu ndipo hasira yangu inapopungua, na haipungui sana.

Nimeitazama tena ile video uliyotutumia ya binti yako akikimbia uani, ile uliyoandika chini yake kwamba damu haipotei, tukamwita Kajogoo na ukoo mzima ukapiga makofi. Nimeitazama bila sauti. Ananyanyua magoti juu, juu kuliko watoto wenzake, na mguu unatua kwa vidole. Mwishoni anajikwaa penye sakafu tambarare, anaanguka, anainuka, anacheka kwa sababu wewe unacheka. Viatu vyake vimelika mbele. Nami nilimpigia makofi, kaka. Nilimwambia shangazi yake anamwonea fahari.

Mlete likizo, tunamsubiri. Pikapu itakaa pale ilipo, mtakuja nyumbani kwa gari la kukodi, na zile funguo za akiba utamkabidhi Mama mlangoni. Kisha tutakwenda sote kwa yule daktari, wewe, binti yako na mimi. Baba ameshasema, kupitia kwa Mama, kwamba na yeye anakuja.

Msalimie sana wifi, mwambie nitamweleza yote mwenyewe kama wewe utashindwa. Mama anakusalimu na anasema kwenye kundi la familia sasa nyamaza. Baba hajaniambia nikusalimie, lakini amepita nyuma ya kiti changu nikiandika, akasimama kwa muda, na hakuniambia niache. Mungu awalinde njiani.

Binti yako atakapolala kwenye kile kitanda cha karatasi na kufumba macho, na daktari akainua pamba, wewe simama karibu yake, mshike mkono ukitaka, lakini usikohoe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye miguu kama yako.